Uyoga wa Uzi Mwekundu

Kule mjini Kostroma watu walimjua Yevlampi Nikanorovich kwa mgongo kuliko kwa uso. Kila vuli yuko msituni kainama, anaokota uyoga ambao wenzake wanauruka. Alifundisha elimu ya mimea shuleni, hakuoa, na hadubini yake aliitunza kuliko koti lake.

"Wenzio wanatafuta wake, wewe unatafuta kuvu," dada yake Glafira, mjane aliyeishi naye, hakuchoka kumtania.

Uyoga aliokwisha kuutambua aliutunga kwenye uzi mweupe. Ule ambao bado hajaupima, na huenda una sumu, aliutunga kwenye uzi mwekundu. Kwaresima moja chumba chake kiliingia unyevu, akautundika uzi mwekundu juu ya jiko la matofali ukauke, akaenda zake shuleni bila kumwambia mtu.

Aliporudi, Glafira alikuwa anajifuta mdomo.

"Supu ya leo usiulize, Yevlasha. Mpishi wetu Fyokla kaiweza."

Akatazama juu ya jiko. Uzi haupo.

"Fyokla, uyoga wangu uko wapi?"

"Si ndio huo tumekula, bwana," mpishi akajibu. "Nilipoona uzi mwekundu nikajua huu ndio mzuri. Hata mayai ya Pasaka tunayapaka rangi nyekundu."

Msitu ule una uyoga mmoja muuaji, nao hauna haraka. Tumbo likianza kuuma, mtu kashachelewa.

"Kama chumvi imezidi, sema," alisema Glafira. "Mbona umepauka?"

Yevlampi akabeba sufuria na masalio yake mpaka kwenye hadubini. Mbegu za uyoga ni vumbi tu, lakini moto hauzibadilishi umbo, na zote hutua kwenye kitako cha sufuria. Za muuaji ni za mviringo, hazina rangi. Akatazama tone la kwanza, akatazama lingine, akakwangua mpaka pembeni. Zote za kahawia, ndefu, zimechongoka huku na huku kama mitumbwi. Uyoga wa kuliwa.

Fyokla alisimama mlangoni, aproni mdomoni. "Tutakufa, bwana?"

"Tutakufa siku moja, Fyokla. Si kwa supu hii."

Akakaa kitako, akacheka peke yake.

"Na kazi yako ya vuli nzima?" Glafira akauliza taratibu.

"Mmeila. Nipeni na mimi basi."

"Tukupe ipi, na sufuria umeikumbatia mwenyewe?"

Fyokla akamkatia mkate mweusi, naye akafuta nao sufuria mpaka ikang'aa.

Vuli iliyofuata, Fyokla mwenyewe ndiye aliyemnunulia uzi mweusi badala ya ule mwekundu.