Kabla hujaongeza RAM na taa za rangi, soma yaliyonikuta na redio nyekundu ya Iringa

Wakuu, kwema humu? Wadogo zangu nawasalimu, na mnaostahili shikamoo yangu, kama bado mpo na mnaona maandishi ya simu, shikamooni.

Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini aje Chimala aulize wazee wa kule chini kwenye mpunga. Wapo wanaoikumbuka redio yetu.

Nimeona siku hizi jukwaa zima ni laptop za gaming. Huyu anauliza achukue yenye graphics card kubwa au yenye kioo kizuri. Yule ana hela ya kitu kimoja tu: aongeze RAM, abadilishe SSD, au anunue ile feni ya kuweka chini yenye taa za buluu? Majibu yanakuja lundo na kila mtu ni mtaalamu.

Mimi graphics card siijui, sitawadanganya.

Lakini kuchagua mashine kwa macho, halafu kuanza kuipachika vikorokoro, hapo ndugu zangu mmenikuta. Uzoefu wangu ni wa miaka ya sabini.

Sasa tulieni.

Sisi asili yetu Usukumani. Baba yangu, Mzee Luhende, alihama na ng'ombe wake na familia yote akaja kutulia tambarare ya Usangu, huku Mbeya, akifuata majani. Ng'ombe walinenepa, sisi tukazoea kula wali.

Aliyebaki nyuma ni dada yake, shangazi Kabula. Alikataa kuhama. Alisema hawezi kuyaacha makaburi ya wazazi yakiota majani bila mtu wa kuyafagia. Baba naye hakuweza kuwaacha ng'ombe wafe njaa. Akamwachia dada yake mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, wakaachana hivyo, kila mtu na uchungu wake.

Simu hakuna. Barua ilizunguka nchi nzima, ikifika aliyeandika ameshasahau alichoandika.

Basi mwaka mmoja, kiangazi, akapita jamaa wa kwetu akiswaga ng'ombe. Akatuambia shangazi Kabula amemwacha kitandani, hali mbaya, chakula hakipiti. Lakini shangazi alikuwa ameacha neno. Kwamba akipona atatuma salamu redioni, Jumapili mchana, ili kaka yake asikie.

Wakongwe mnakikumbuka kile kipindi. Mtu anatuma kadi, mtangazaji anasoma jina lake na majina ya anaowasalimu popote walipo, kisha wimbo. Nchi nzima ilikuwa inakaa kusikiliza majina ya watu wasiowajua.

Kesho yake asubuhi baba akamtoa fahali mmoja, aliyekuwa anampenda, akanikabidhi kamba.

"Kauze, ukanunue redio," aliniambia. "Dada yangu kama yupo, nitamsikia."

Kuna mtu atauliza kwa nini asiende kusikiliza kwenye duka la Chimala, redio ilikuwepo. Mzee Luhende kwenda kukaa kwenye kibaraza cha mtu akingojea kujua kama ndugu yake yu hai au amekufa? Hamumjui baba yangu.

Nilitumwa mimi kwa kuwa nilisoma hadi darasa la saba. Pale nyumbani hiyo ilitosha kuwa injinia.

Nikaanza Mbeya mjini. Redio nilizozikuta ni zile kubwa za mbao, za kuchomeka ukutani, na sisi ukuta wetu ni wa udongo na umeme tunauona ukipiga radi. Nikadandia lori la mizigo hadi Iringa.

Huko nilikuwa na rafiki, Festo, Mhehe wa Kalenga, tulijuana mnadani. Nikafikia kwao, salamu zao za kamwene nyingi, nikala, nikalala. Kesho yake tukapanda naye mjini kilimani, upepo ule wa Iringa unaingia mpaka kwenye mifupa.

Dukani kulikuwa na mbili zinazonifaa, zote za betri.

Ya kwanza ya kijivu. Haina sura kabisa wakuu. Imekaa kama tofali, ina kispika kimoja, ina masafa mengi, mwisho.

Ya pili nyekundu. Ukifungua mfuniko kama sanduku, ndani kuna gramafoni ya kupigia santuri. Vifundo vinang'aa. Ina mkanda wa kuvalia begani. Mimi wakati ule ni kijana, dansi la Chimala silikosi, nikajiona nimeivaa natembea nayo gulioni.

Mwenye duka alikuwa mkweli, akasema nyekundu ni ya muziki na kijivu ni ya kusikilizia. Festo akanivuta pembeni.

"Mzee amekutuma masikio," akaniambia. "Wewe unanunua miguu."

Nikamjibu kwamba nyekundu ina vyote viwili. Hii hoja bado naisimamia, msinibishie sasa hivi, ngojeni mwisho.

Nikachukua nyekundu. Na santuri kadhaa juu yake.

Nilipofika nyumbani baba aliizunguka kama anamkagua ndama.

"Hii redio," akauliza, "au sanduku la bibi harusi?"

Jumapili ikafika. Baba akavaa koti lake la kanisani, ingawa kanisani hakuwa akienda, akaweka kigoda mbele ya redio. Nikawasha. Ikakoroma.

Nikazungusha kifundo. Ikaendelea kukoroma. Mara sauti ya mtangazaji inakuja, jina moja, nusu jina, halafu inazama kwenye mchanga. Baba ameinamisha kichwa mpaka sikio linagusa kispika.

"Inasema nini?"

Nikamwambia bado inapasha moto.

Wakuu, hapo ndipo nikaanza kufanya upgrade. Na mimi si mtu wa kufanya kitu nusu nusu.

Kwanza, kispika. Kuna jamaa alinifundisha kwamba ukiongeza kispika cha pembeni ukakiingiza kwenye mdomo wa mtungi, besi inatoka ya kutetemesha kifua. Nikachukua mtungi wa mama. Ni kweli kabisa! Santuri zilipigwa mpaka mbwa wakahama. Mtangazaji wa salamu sasa akawa anakoroma kwa besi.

Halafu taa. Fundi redio wa Chimala, Mnyakyusa mmoja anaitwa Mwaipopo, nilimshika anifungie balbu za tochi nilizozipaka rangi, nyekundu na kijani, ziwake muziki ukipiga. Nyie mnaojiona mmeanza mambo ya RGB juzi, samahani, mmechelewa.

Zile taa zilikula betri kama nzige. Ikabidi tupasue mwanzi mrefu, tupange betri za akiba ndani, tufunge kwa kamba za mpira, na zikichoka tunazianika juani juu ya paa zipate nguvu kidogo. Yaani nimeongeza kitu, kile kitu kikadai kiongezewe kitu.

Dada yangu naye hakutaka kubaki nyuma. Akashona kitambaa cha maua, kina pindo la nyuzi, kinafunika redio juu na nyuma yote. Ikapendeza. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuitazama, na vijana wa dansi wakawa wanajazana kila Jumapili kabla hata ya kipindi.

Baba anawafukuza kwa fimbo. Anakaa na koti lake. Ananyoosha shingo. Redio inakoroma.

Jumapili baada ya Jumapili.

Nilianza kuogopa, niseme ukweli. Niliogopa kwamba salamu imeshasomwa, imetupita huku inakoroma. Na niliogopa zaidi kwamba haikutumwa, kwa sababu mtu wa kuituma hayupo tena. Baba naye alikuwa anawaza hayohayo, nilimjua alivyokuwa anakula. Anamega tonge, analishika, analirudisha.

Nikambeba Mwaipopo mzimamzima kutoka Chimala aje aione redio pale pale nyumbani kwetu. Alisalimia, akanywa maziwa, akaizunguka. Halafu akainua kile kitambaa cha dada yangu upande wa nyuma.

Kulikuwa na vitundu viwili vidogo. Nilikuwa nimeviona siku ya kwanza nikajua ni vya kupumulia.

Mwaipopo akanitazama kwa huruma. Akasema kimoja ni cha waya wa juu, yaani antena, kingine ni cha waya wa ardhini, na kwamba nimeivisha redio nguo ikaziba masikio. Angalau hakucheka mbele ya baba.

Tukasimamisha mlingoti wa mwanzi, tukavuta waya mrefu. Afadhali kidogo. Akasema sasa waya wa ardhini, chuma kipigiliwe chini, lakini ardhi iwe na unyevu.

Unyevu! Usangu, kiangazi, ardhi imepasuka unaweza kupoteza kiatu kwenye ufa.

Nikawa namwagia maji pale kwenye chuma. Redio inasafika, maji yakinywewa inarudi kukoroma. Namwaga tena. Maji yenyewe mama anayatoa mbali, kichwani, na mtungi wake mzuri mimi nimeugeuza kispika. Alinivumilia hadi siku aliponikuta namwaga ndoo nzima.

"Kama kitu chenu kinataka kulowa," alisema, "kipelekeni zizini. Huko ng'ombe wanakojoa bure."

Alisema kwa hasira, wala hakuwa anashauri. Mimi nilicheka. Mwaipopo hakucheka. Akauliza zizi liko wapi.

Tukang'oa mlingoti, tukahamisha kila kitu. Chuma tukakipigilia katikati ya zizi la mzee, pale ambapo hapajawahi kukauka tangu tuhamie. Nikachomeka waya, nikawasha.

Wakuu, yule mtangazaji alikuwa kama amekaa juu ya boma la miiba ananong'ona na sisi. Tulisikia mpaka anavyovuta pumzi.

Ila taa zikawa zinaivuruga, Mwaipopo akazikata. Sikupinga.

Jumapili iliyofuata baba akahamishia kigoda zizini. Ng'ombe wako machungani, nzi wapo. Koti amevaa. Vijana wa dansi safari hii harufu ndiyo iliyowafukuza. Mama akaja akasimama nje ya boma, anajifanya anapepeta mchele.

Majina yakasomwa. Watu wa Tanga, watu wa Bukoba, watu wa wapi. Wimbo. Majina tena. Mimi nilishakata tamaa, nawaza betri.

Halafu mtangazaji akasema, kwa sauti ya kawaida tu kama anasoma bei ya pamba, kwamba Kabula binti wa nyumba ya kwetu, akataja na kijiji, anamsalimu kaka yake Luhende popote alipo huko Usangu. Anasema amepona. Anasema na yule mtamba aliyeachiwa amezaa.

Basi. Wimbo ukaanza.

Baba aliinama mbele akaishika redio pande zote mbili, kama unavyomshika mtu mashavuni. Akaongea nayo kwa sauti kubwa, maana dada yake yuko mbali.

"Na sisi tupo, Kabula. Huyo ndama dume au jike?"

Wimbo unaendelea.

Akanigeukia. Sijawahi kumwona baba yangu na macho yale, kabla wala baadaye.

"Ng'wanawane," akaniita, mwanangu, "mwambie arudie."

Nikamwambia baba, huyu harudii, yuko Dar es Salaam, hatusikii. Akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuinuka. Akakaa pale mpaka ng'ombe wakarudi na kuanza kumzunguka, na mama ameshaacha kupepeta, analia waziwazi na ungo mkononi.

Chakula cha jioni ile alikimaliza.

Sasa somo, maana najua mnalisubiri ili mnirukie.

Kule kwenye nyuzi zenu mnauliza laptop ipi ni kali. Mimi ningeuliza kwanza nani atakaa mbele yake, na anasubiri nini. Ukishajua hilo, utajua kama hela yako inunue RAM, inunue SSD, au ibaki mfukoni. Mtungi wangu ulikuwa upgrade nzuri sana, ila ulikuwa wa kwangu, na redio ilikuwa ya mzee. Na kabla ya kufungasha kitu juu ya mashine, igeuze uone kama kuna kitundu unakiziba.

Nyekundu ilikuwa nzuri, narudia. Santuri tulipiga miaka.

Haya, wale wa kijivu njooni mnibishie. Na wewe mwenye taa za buluu chini ya laptop, tuambie ukweli, zimekusaidia nini? Mwenye mzee wake aliyekuwa na kipindi chake cha redio, naye atupie hapa, nitasoma zote.

Baba yangu aliendelea kuvaa koti kila Jumapili na kwenda kukaa zizini. Sisi tulidhani anasikiliza salamu za watu. Siku moja nikamuuliza kwa nini hachoki, akasema hajajibiwa bado kuhusu ndama.