Siku Niliyojifanya Mgonjwa

Kikombe kilimponyoka mume wangu tukinywa chai asubuhi, pale Kabiria, nje kidogo ya mji, miaka ya sabini ikianza. Nilipomtazama, mdomo ulikuwa umeenda upande. Alitaka kusema, maneno yakatoka yamevurugika, na mkono wa kulia ukaning'inia tu. Nikapiga kelele. Kabla jirani hajafika, mdomo ukarudi, mkono ukainuka, naye akaanza kucheka.

"Mama watoto, mbona mayowe? Nililalia mkono."

Ati alilalia mkono! Na mdomo je, aliulalia pia? Baba yangu kule magharibi alianza hivyohivyo, akacheka hivyohivyo, na kabla ya mavuno kiharusi kikamlaza upande mmoja, akawa analishwa uji kwa kijiko. Nilimwambia hayo yote. Yeye akafunga vyombo vyake vya useremala kwenye baiskeli aende zake kazini mjini. Kwake hospitali ilikuwa mahali pa wanawake na watoto.

Nikashika ufagio, nikauacha. Nikatoka mlangoni, nikarudi. Roho ilikataa kabisa kutulia. Halafu nikajiambia, mahali pa wanawake? Haya basi! Nikamfuata mbio kabla hajatoka uani, nikashika kichwa, nikajiangusha kwenye nyasi mbele ya baiskeli.

"Nakufa," nikasema. "Nipeleke."

Maskini, alishtuka. Akatupa vyombo ndani ya nyumba, akanipakia nyuma. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya: mtu aliyeponea chupuchupu asubuhi, sasa anapanda milima akihema na mimi mgongoni! Kufika Woodley, bado tuko njiani, nikataka kushuka.

"Tulia!" akafoka. "Mgonjwa hashuki."

Nikakaa nikihesabu pumzi zake, nimekasirika, naogopa, sijui nimshike kiuno au nimuombee.

Katika zahanati mjini, muuguzi aliuliza mgonjwa ni nani. Nikamwonyesha yeye, nikamwaga yote. Mume wangu alinitolea macho, we! Lakini muuguzi hakucheka. Akampima presha, akakunja uso.

"Hicho kilikuwa kiharusi kidogo, mzee. Damu ilizibiwa njia kichwani, ikafunguka. Mara ya pili inaweza isifunguke." Akamweleza apunguze chumvi, aache sigara, anywe dawa kila siku hata akijisikia mzima.

Mzima huyo alikuwa anaangalia dirisha, anazungusha kofia mikononi.

"Nikishikwa tena, nitakuja," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi. Muuguzi akapumua, akaniambia nami nikunje mkono wa nguo, maadamu nimeshafika. Akanifunga kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akatazama kipimo, akakijaza tena.

"Mama, presha yako imepita yake."

"Lakini siumwi popote!"

"Hata yeye alikuwa haumwi popote jana."

Kofia ikasimama. "Mpime tena," mume wangu akasema. Nikapimwa. "Mkono ule mwingine." Ikawa ileile. Akakaa kwenye benchi polepole, kicheko chote kimemwisha.

"Sista," akasema, "ile habari ya chumvi na dawa, hebu anza tena. Yote. Nilikuwa sisikii."

Tulirudi kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli. Hakuniruhusu kubeba hata dawa, na kila tulipotembea kidogo alisimama kuniangalia mdomo.