Mchungaji Ametangaza Nimepata Dawa ya Sukari

Leo imebidi nijikanushe mbele ya kanisa zima.

Nilimwambia tu mama kwamba utafiti wangu umechapishwa kwenye jarida la sayansi. Mama akamwambia mchungaji. Mchungaji akashika maikrofoni hapa Mbumbuni: "Binti yetu amepata dawa ya sukari!"

Vigelegele! Mama alisimama kabla makofi hayajaanza.

Mimi nikatabasamu, sikumsahihisha. (Msinihukumu, hata mimi napenda makofi.)

Halafu Mama Kioko, jirani yetu mwenye ugonjwa wa sukari, akanigeukia pale kwa benchi. "Mwiitu, binti yangu, basi zile tembe za hospitali naziacha leo."

Nikaenda mbele, nikaomba maikrofoni. "Sijaponya mtu. Niliweka dawa ya majani kwa seli, ndani ya kisahani cha maabara, nikaona zinatumia sukari vizuri. Huo ni mwanzo tu. Tafadhali endeleeni na dawa zenu."

Mama akaketi polepole.

Mama Kioko akauliza kwa sauti, "Kwani miaka minne yote ya huo utafiti umekuwa ukitibu kisahani?"

Kanisa lote likacheka, mchungaji akiwa wa kwanza.

Mchana Mama Kioko amekuja kwetu kunywa chai. Akameza tembe yake mbele yangu, kisha akafungua mdomo nikague. "Umeona? Sasa nenda uandike hiyo pia kwa utafiti wako."

Nyinyi mliosoma sayansi, huwa mnawaelezea wazazi kazi yenu aje? Nisaidieni, mama bado hajanisemesha.