Korosho Zilizokuwa Hazijalala

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu, mwanangu, niliingia kiwandani nikakuta meza ya kufungashia ina watu wanne. Wanne! Wiki iliyopita tulikuwa ishirini. Wenzangu wote walikuwa wamekwenda kuokota korosho za mashambani kwao, na nani angewalaumu? Korosho zako zimeanguka, uziache zioze? Lakini maboksi yalikuwa yanangojwa bandarini, na tajiri wetu, maskini, alizunguka ua mzima kashika kichwa.

Msimu uliofuata akaleta mashine. Unamimina korosho juu, inapima yenyewe, inajaza mifuko na kuiziba. Ilikuja na fundi wake, kijana mpole kutoka Dar. Mimi nikanuna. Pale mezani hakuna aliyenifikia kwa wepesi wa mikono, sijisifu, halafu chuma hicho kije kuniumbua!

Sasa sikiliza. Korosho ikitoka kwenye tanuri inakuwa kavu mno, ukiiangusha inapasuka. Kwa hiyo zikishamenywa tulizilaza kwanza usiku mmoja katika chumba chenye unyevunyevu, zilainike kidogo, ndipo tufungashe. Jambo hilo halikuandikwa popote, tulifundishana tu. Yule fundi hakulijua. Akazimimina zilivyo, nami nimesimama pembeni namtazama. Nikasema moyoni, haya, tuone. Mifuko ikajaa vipande.

Tajiri hakuilaumu mashine yake mpya. Alimlaumu Bi Somoe, msimamizi wa wamenyaji, mjane aliyelea wajukuu kwa kazi ile, na ndiye aliyenifundisha mimi tangu sijui hata kuishika korosho. Akaambiwa watu wake wana mikono mizito, akae nyumbani mpaka aitwe. Alijitanda kanga yake akaondoka. Na mimi nikanyamaza. Siku tatu nzima, mwanangu, na bado nimenyamaza.

Siku ya nne nikamfuata kwake Chikongola. Nilimkuta uani anaosha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Nikaanza kubabaika na salamu, akanikatiza.

"Fatu, zile korosho zililala?"

"Hazikulala, bibi."

"Na wewe ulijua?"

Nikaangua kilio pale pale. Akanisogezea kigoda.

"Nilijua tangu nilipoviona vile vipande," akasema. "Korosho iliyovunjwa na mmenyaji huwa na alama ya kisu. Zile zilipasuka tu. Ningemwambia tajiri, angekuuliza mbele za watu kwa nini ulinyamaza. Nikaona bora nikae hapa nikungoje. Nilijua utakuja."

Kesho yake nikasema yote, mbele ya tajiri na yule fundi. Tajiri alifoka, alikuwa na haki. Fundi yeye akaomba kalamu, akaandika. Bi Somoe akarudishwa siku hiyo hiyo, na hakulitaja tena jambo lile mpaka Mungu alipomchukua. Watu wa kazi wakati wa msimu hawakuongezeka, mashine ikabaki, na mimi ndiye niliyeisimamia hadi nikazeeka.

Juzi ulinisimulia kwamba kiwandani kwenu nako wanaleta mashine, kwa kuwa watu hawapatikani. Ukacheka, ukasema, "Waache wahangaike nayo." Nilicheka na wewe, lakini sikulala vizuri. Nuna ukitaka, mwanangu, kununa si dhambi. Dai nafasi yako ya kufundishwa hiyo mashine, dai kwa sauti. Ila unachokijua usikifiche ili kazi iharibike. Ikiharibika atatafutwa mtu wa kulaumiwa, na huenda asiwe huyo uliyemnunia. Huenda akawa anayekupenda.

Nenda, Mungu akutunzie mikono hiyo na riziki yake. Akupe wepesi wa kusema kweli mapema. Na siku utakayochelewa, kama nilivyochelewa mimi, akujaalie umkute mtu uani, anaosha ming'oko, anakungoja.