Ukuta wa Bernadeta Uliongojea Mkaguzi

Bernadeta wa mtaa wa Cheyo alikuwa mjane, akiishi kwa kukaanga vitumbua karibu na stesheni ya Tabora. Serikali ya Mwingereza ilipotangaza kuwasaidia wenyeji wajenge nyumba bora, naye alipata: saruji ya msingi, mbao, na bati ambazo zingekaa ghalani bomani mpaka mkaguzi aridhike na kuta. Sharti lilisomwa kwa ukali: atakayeezeka kabla ya kukaguliwa atanyang'anywa kila kitu.

Yeye na mdogo wake Flavia walifyatua tofali wenyewe, wakapandisha kuta kiangazi chote. Zilipofika usawa wa lenta wakamngojea Dionis, mkaguzi.

Dionis hakuja. Alionekana mtaa wa Isevya, barazani kwa Mfaume mwenye duka, akinywa kahawa. Nyumba ya Mfaume, ambayo udongo wake ungeuchimbua kwa kidole, ilishapita ukaguzi. Bernadeta akamfuata huko huko.

"Shikamoo, mama," Dionis alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Mawingu yale huyaoni? Tofali zangu ni mbichi, baba. Njoo uzitazame nipewe bati."

"Zamu yako itafika. Kazi ya serikali haiendeshwi na mawingu."

Flavia alishauri wafunike kuta kwa nyasi. Bernadeta akakataa, akiogopa watu wa boma wasije wakasema nyasi nazo ni kuezeka. Woga huo ulimuuma baadaye kuliko hasara yenyewe.

Mvua ya kwanza ilipiga alasiri, ikaacha marundo ya tope palipokuwa na vyumba. Kesho yake ndipo Dionis alipofika na baiskeli yake. Akazunguka, akaguna.

"Mama, huu ni uzembe. Bati atapewa mwingine."

Damu ilimpanda Bernadeta kichwani. Alizoa lile tope kwa mikono, akalijaza kwenye karai, akajitwika mpaka bomani. Tarishi alimzuia mlangoni. Akampiga kikumbo, akaingia, akalimwaga mezani mbele ya Bwana Shauri, Mzungu msimamizi wa wilaya.

"Ukuta wangu huu! Mkaguzi wenu alikuwa anakunywa kahawa, na mimi mjinga nikamtii. Haya, kagueni!"

Mkalimani alianza kuyalainisha maneno. "Yaseme kama nilivyoyasema!" Bernadeta akamkemea.

Yule Mzungu alilitazama tope likichuruzika sakafuni. Mwishowe akaamuru apewe bati zake siku hiyo hiyo. Kuta angejenga tena kwa jasho lake. Dionis akabaki na kazi yake.

Kiangazi kilichofuata akina Bernadeta walijenga upya, wakaezeka bila kumwuliza mtu. Walikuwa wameshahamia Dionis alipobisha.

"Hodi! Nimekuja kukagua."

"Kagulia hapo hapo nje," Bernadeta alimjibu. "Humu ndani wanaishi watu."

Akafunga mlango kwa komeo, akaendelea kutwanga mchele wake wa vitumbua.