Sauti ya Marehemu Mama Ilivyopata Mmiliki Dodoma

Wakuu, mimi nimewahi kushtakiwa kwa kuiba sauti ya mama yangu mzazi.

Aliyenishtaki hakuwahi kumwona mama hata siku moja. Na mama mwenyewe alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo shahidi wangu mkuu alikuwa hapatikani.

Naitwa Revocatus, wa Ntalikwa, hapa hapa Tabora. Nilikuwa na chaneli ya video mtandaoni. Ilianza kama chaneli ya mapishi: mama, Levina jina lake, anapika, mimi nashika simu. Michembe ya viazi vitamu, mlenda, ugali wa muhogo, na kuku siku za wageni.

Shida ni moja. Mama hakujua kupika kimya. Akishika mwiko tu, anaanza kumsema baba.

"Bernardo! Hilo jembe linakungoja wewe au linaningoja mimi? Bernardo, mbuzi wamo kwenye mihogo! Au ni wajukuu zako, unaona aibu kuwafukuza?"

Watu wakapenda. Mlenda wakausahau kabisa, wakawa wanakuja kumsikia mzee akisemwa.

Kisha mama akaugua, hakukaa sana, akatutoka. Simu yenye video zote nayo ikaja kuibiwa sokoni, kwenye msongamano wa sikukuu. Mama akabaki sehemu moja tu duniani, kwenye ile chaneli.

Hapo mnielewe vizuri. Sikuwa natafuta umaarufu. Baba yangu, Bernardo mwenyewe, kila Jumapili akitoka misa alikuwa anapitia kwangu, anavuta kigoda, anasema, "Revo, mwashe mama yako anifokee."

Namwasha. Anafokewa. Anaitikia taratibu, "Nimesikia, Levina." Akisharidhika, anakwenda zake kula.

Sasa siku hiyo niko kwenye foleni ya mashine ya kusaga, simu ikalia. Ujumbe umeingia.

"Video yako ina kazi ya mtu mwingine. Jina la kazi: Bernardo Jembe. Mmiliki: DJ Chede, Dodoma."

Nikaufungua huo wimbo. Daah!

Ni singeli. Ngoma zinakimbia utadhani zinafukuzwa na nyuki, na katikati yumo mama yangu: "Bernardo-Bernardo-Bernardo jembe! Jembe-jembe linakungoja!"

Jamaa alikuwa ameichukua sauti ya mama, akaitia mdundo, akaenda kuisajili kama mali yake. Mashine za mtandao zikalinganisha, zikakuta na mimi nina sauti kama ya kwake. Mwizi nikawa mimi.

Nilicheka. Wiki hiyo hiyo likaja onyo la pili, nikaacha kucheka. Maonyo yakifika matatu chaneli inafutwa, na mama anafutwa nayo.

Najua kuna mjuaji atauliza kwa nini sikuzipakua video mapema. Kasimu nilikonunua baada ya kuibiwa kalikuwa kakipokea picha mbili kanasema kameshiba. Nikaenda mjini kwa Aftab, mwenye duka la kompyuta, anihamishie. Duka limefungwa, Aftab yuko Dar kufuata mzigo.

Nikakata rufaa. Nikaeleza kwa adabu zote: huyu ni mama yangu, jiko ni la kwetu, na huyo anayesemwa ni baba yangu, na mpaka leo hajalima.

Mnajua rufaa inapelekwa kwa nani? Kwa yule yule aliyedai! DJ Chede akaisoma kesi, akaitafakari, akajipa ushindi.

Wenye mtandao wakaniambia naruhusiwa kuongeza ushahidi. Swali la kwanza: "Je, una ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye sauti?"

Nilijiona nimesimama kaburini na karatasi mkononi, namwomba mama asaini. Hasira ilinipanda mpaka nikalia, mtu mzima, mchana kweupe.

Jumapili baba akaja. Ikabidi nimwambie yote.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mtu ni kabila gani?"

"Baba, kabila linahusu nini hapa?"

"Nimekuuliza."

"Kwenye ukurasa wake jina kamili ni Chedego, wa Dodoma. Nadhani Mgogo."

Uso wa mzee ukafunguka wote. Akapiga paja.

"Kumbe ni mtani! Na wewe unahangaika kuwaandikia Wazungu! Babu zetu walipokuwa wanapita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani, hawa walikuwa wanawatoza hongo mpaka ya maji ya kunywa. Leo anatutoza ya kumsikiliza mama yako. Hawajabadilika hata chembe. Nipigie."

Namba ilikuwa kwenye ukurasa wake, ya watu wanaotaka kumwita shughulini. Nikapiga, nikaweka spika, ikapokelewa.

"We mtumwa wangu!" baba akaanza, kama watani wa makabila wanavyoitana. "Mbona umeoa hujaniaga?"

"Samahani mzee, nani mwenzangu?"

"Bernardo. Yule wa jembe."

Muziki uliokuwa ukipiga nyuma yake ukazimwa.

"Mzee... kumbe upo kweli?"

"Nipo, Mnyamwezi wa Ntalikwa. Wewe ni Mgogo, au nimekosea mtumwa?"

Kikapasuka kicheko huko, na salamu ya Kigogo juu yake. "Mbukwenyi, mtumwa wangu! Mgogo halisi huyu, wa Mpwapwa!"

"Vizuri. Nasikia umeandikisha kwamba Levina ni wako. Mimi na mtani hatugombani, mchukue. Ila huwezi kuchukua sauti ukaniachia mengine. Kaburi lake halijajengewa, hilo ni lako. Mama yake, bibi Imakulata, yuko Usinge, ana mdomo kumshinda binti yake na paa linavuja. Huyo ndiye mkwe wako. Na lile shamba analolisema kwenye wimbo wako bado ni pori. Njoo na jembe."

DJ alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Mzee, nisamehe. Nilidhani ni watu wa kuigiza. Dai nalifuta leo, na mimi mwenyewe nakuja."

Nikamwangalia baba kama namwona kwa mara ya kwanza. Mimi nimehangaika na rufaa, yeye kamaliza kwa matusi.

Jamaa alilifuta kweli. Kumbe wimbo alikuwa ameshaukabidhi kwa wakala wa kusambaza, na mashine ya wakala haina kabila, haina utani. Ikatuma onyo la tatu.

Nilipofungua chaneli nikakuta ukurasa mtupu na mstari mmoja: akaunti imefungwa kwa kukiuka hakimiliki.

Jumapili baba akaja, akavuta kigoda. "Mwashe."

"Baba, wamemfuta."

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Kisha akainuka, akachukua jembe, akaenda shambani na suruali yake ya kanisani.

Kwa mara ya kwanza nilimwona akilima bila kuambiwa. Niliumia sana.

Siku chache baadaye, treni ya reli ya kati ikatushushia kijana mwembamba, miwani ya jua usoni, begi mgongoni, na jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani.

Hakubisha hodi. Alikuja moja kwa moja akajilaza chali kizingitini kwa baba, kama watani wanavyofanya msibani.

"Sisogei! Sisogei mpaka mgane mwenzangu aniletee chakula!"

Baba akatoka, akamtazama, akamruka kama anaruka gogo. "Mgogo akilala mlangoni kwangu namhesabu ni mkeka." Halafu akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

Tulipokula nikamweleza DJ kwamba chaneli haipo tena, na kwamba mama alikuwa humo tu. Akalirudisha tonge sahanini.

"Zote zimepotea?"

"Zote."

"Lakini kaka, mimi ningeikataje sauti yake bila kuzipakua?"

Akafungua begi, akatoa kompyuta. Video zote zilikuwemo! Wakuu, yule mwizi alikuwa amempanga mama kwa mafaili: kufoka kwa mbuzi, kufoka kwa jembe, kufoka kwa jumla.

"Ipo na ile uliyokwenda mubashara ukasahau kuzima," akasema. "Nadhani uliifuta baadaye."

Niliifuta kweli. Ilikuwa sufuria tupu inachemka, nikaona haina maana. Sikuwahi kuisikiliza mpaka mwisho.

Akaibonyeza. Sufuria ikachemka, ikachemka. Kisha mama, anajisemea peke yake, anadhani simu imezimwa:

"Bernardo wangu huyu. Namsema kila siku kwa sababu nikinyamaza atafikiri nimemchoka."

Baba alikuwa ameinama, nikaona machozi yanadondokea kwenye sahani.

"Rudisha nyuma," akasema.

DJ akarudisha. Akarudisha tena. Mwishowe baba akamshika bega.

"Hii, mtani, usiitie ngoma."

DJ Chede akalima lile shamba lote, tena baba akiwa amekaa kivulini anamkosoa. Nami Aftab aliporudi kutoka Dar nikampelekea kazi yote, akaniwekea kila kitu kwenye flashi kadhaa. Moja iko kwangu, moja kwa shangazi, na moja baba anatembea nayo mfukoni, ingawa hana pa kuichomeka.

Funzo langu ni hili. Warekodi wazazi wako wakiwa hai, na usiwahifadhi sehemu moja. Unapofuta kitu, kwanza kisikilize mpaka mwisho. Na ukishaibiwa, muulize mwizi kwanza ni wa wapi, kabla hujakata rufaa.