Jiko Lililopaswa Kuwa Letu

Asifiwe Mungu, ambaye hutupa chakula kwanza ndipo atuulize tumekipika wapi. Yeye ndiye amenifikisha umri huu nikiwa na meno ya kutosha na kumbukumbu zaidi ya kutosha. Mkono wangu ukitetemeka katika ukurasa huu, rafiki yangu, jua ni uzee, si uongo.

Wiki mbili zilizopita nilirudi River Road baada ya miaka mingi ya kutuma watu. Jiko langu la hapa Uthiru lilikuwa limechoka. Makabati yalipakwa rangi ya kijani wakati marehemu mume wangu bado anaweza kupanda ngazi, sinki ililiwa na kutu hadi nikawa naweka beseni chini yake, na fundi alipougonga ubao wa chini kwa kidole, kidole kiliingia.

"Shosho," akaniambia, "hii ubao imesimama kwa imani tu."

Pesa za kubomoa na kuanza upya sikuwa nazo. Tukakubaliana tuache mbavu za makabati zilizo nzima, tubadilishe milango peke yake, tupake rangi ya maziwa, na vigae vya ukutani tununue vya mabaki, ambavyo kila katoni ina weupe wake. Basi nikaenda na binti yangu, tukapita duka baada ya duka, yeye akibeba mfuko na mimi nikibeba maswali. Mwenye duka mmoja, mzee wa Kihindi ambaye mume wangu alinunua kwake misumari tangu ujana wao, alinionyesha mfereji wa sinki uliong'aa.

"Chukua hii, mama. Hii itakaa kukushinda."

"Hata hivi viatu vyangu vitakaa kunishinda," nikamwambia. "Nipunguzie."

Akacheka, akapunguza. Ningerudi nyumbani na furaha yangu, lakini tukingoja vigae vifungwe binti yangu alinionyesha picha kwenye simu. Lilikuwa jiko jipya la mama mmoja tunayesali naye. Katikati palisimama meza ya jiwe jeupe, ndefu, haina hata doa.

"Hiyo meza ya katikati ni ya nini?" nikauliza. "Wanafanyia watu upasuaji?"

"Mum, una wivu."

"Mtu wa umri wangu aonee wivu jiwe?"

"Hiyo sio jibu, Mum."

Alikuwa amesema kweli. Ulikuwa wivu ule ule wa nilipokuwa na miaka tisa. Niliutambua mara moja, kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi chake kabla hajaingia mlangoni.

Riruta unayoijua wewe ni ya nyumba za kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa. Riruta nilimokulia ilikuwa ya mashamba madogo ya mahindi na viazi, ua wa kaiyaba wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na udongo mwekundu uliotufuata mpaka kitandani. Asubuhi ulisikia kengele ya kanisa, halafu majogoo, halafu shoka za akina mama wakipasua kuni, karibu kwa mpangilio huo. Jioni ulinusa githeri ya kila nyumba, mahindi na maharagwe ndani ya sufuria moja, na ukajua nani leo ametia viazi na nani hana.

Jiko la mama lilikuwa kibanda cha mabanzi kilichoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, kigoda kimoja, na moshi. Moshi huo haukuwa na pa kutokea. Ulizunguka, ukashuka, ukakaa nasi. Mama alipika akiwa ameinama chini yake, macho mekundu, akijua kwa harufu tu kama mahindi yameiva. Kazi yangu ilikuwa kusugua masizi ya sufuria kwa majivu na mchanga, na nikimaliza mikono ilikuwa myeusi kuliko sufuria. Uji wake wa wimbi ulikuwa mtamu, nakiri. Viazi vitamu alivyovizika kwenye majivu ya moto sijapata kula vingine kama hivyo. Lakini shuleni mwalimu alilishika daftari langu kwa ncha za vidole, akalisogeza mbali na pua, na wasichana waliokaa nyuma yangu wakaita dawati langu jikoni. Mtoto anaweza kupenda chakula na akachukia mahali kilipopikwa.

Ng'ambo ya ua alikaa jirani yetu, rafiki mkubwa wa mama. Walikuwa wakiongea kupitia tundu la ua kama watu wa simu, kila mmoja na kazi yake mkononi. Jiko lake lilikuwa baya kama letu, tena paa lake lilivuja, na mwaka huo alikuwa na mtoto mchanga.

Akina mama wa kanisa letu walikuwa na chama chao. Walikuwa kumi na wawili, na kila msimu walimjengea mmoja wao jiko. Kila mama alileta bati moja, wakabeba mawe na mchanga kwa migongo yao, na waume wakaitwa siku ya kupiga misumari tu. Zamu ilipigiwa kura kwa maharagwe. Ndani ya kiondo waliweka maharagwe mekundu kumi na moja na njahi moja, ile nyeusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua. Ukichota njahi, jiko ni lako. Kila mtu alificha ngumi yake mpaka wote wamalize, ndipo wakafungua pamoja.

Siku ya kura ya kwanza nilikaa kwenye nyasi karibu na miguu ya mama. Kiondo kilipomfikia, jirani alimwambia, "Nichotee na mimi, sina mkono, huyu ananyonya." Mama akachota yake kwa mkono wa kulia, kisha ya jirani kwa mkono wa kushoto. Akachungulia kidogo ndani ya ngumi zake, chini ya leso, na mimi niliyekuwa chini nikaona. Njahi ilikuwa mkono wa kulia.

Moyo wangu uliruka. Niliona dirisha, nikaona bomba la kutolea moshi, nikaona daftari langu likinuka karatasi. Halafu mama akamtazama yule mtoto, akaunyosha mkono wake wa kulia, akaimwaga njahi kwenye kiganja cha jirani.

Ngumi zilipofunguliwa, jirani alilia kwa furaha, na mama akapiga vigelegele kuliko wote. Mimi niling'oa nyasi.

Yale majuma ya ujenzi yalikuwa marefu, rafiki yangu. Mama alibeba mawe ya jiko ambalo lilipaswa kuwa letu. Niliona mabati mapya yakipanda, yaking'aa hadi yakaniumiza macho. Niliona sakafu ya saruji ikisuguliwa rangi nyekundu. Meko ilijengwa kwa matofali, imeinuliwa mpaka kiunoni, ina matundu mawili ya kuwekea sufuria na bomba la kupitishia moshi juu ya paa. Mwanamke angepika amesimama wima kama karani. Watoto wa jirani walinialika niguse ukuta. Nilikataa, kisha wakienda niliugusa.

Sasa, ilikuwa desturi yetu kwamba moto wa kwanza wa meko mpya hauwashwi kwa kibiriti. Unaombwa kwenye meko ya jirani, na unabebwa na mtoto. Wazee walisema moto ukifika ukiwa hai, nyumba itakuwa na uhai. Ukifika umekufa, hawakumalizia. Waliangalia tu aliye mdogo kuliko wote nyumbani humo.

Akachaguliwa mtoto wa kubeba, na huyo nilikuwa mimi.

Mama alinijazia makaa mekundu kwenye kigae cha chungu, akayafunika majivu kidogo. "Tembea polepole, mama," aliniambia, maana nilibeba jina la mama yake. Nilitoka. Njia ilizunguka ua na kuvuka mtaro mdogo, na siku hiyo mtaro ulikuwa na maji. Ningependa kukuambia niliteleza. Sikuteleza. Nilisimama pale, nikasikia akina mama wakianza wimbo wa kumshukuru Mungu ng'ambo ya pili, nikainama, nikakichovya kigae kwenye maji taratibu. Makaa yalilia kidogo, yakanyamaza.

Nikafika na majivu yaliyoloa.

Wimbo ulikatika kipande kipande, kila mtu alipoona. Walikuwa Wakristo wazuri, wote walibatizwa, na wote waliangalia mgongoni mwa jirani, mahali mtoto alipofungwa. Jirani alimshusha, akamkumbatia kifuani, akaweka shavu lake kwenye pua ya mtoto asikie kama anapumua. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Mimi nilikuwa nimetaka kuharibu jiko. Mtoto sikuwa nimemfikiria.

Bibi mkubwa wa chama alisema, "Moto hauzimiki hivi hivi."

"Ni mimi," nikasema. "Nimeutia maji. Sio kitu cha mtoto, ni mimi. Kwa sababu njahi ilikuwa ya mama. Hili jiko ni letu."

Jirani alimgeukia mama.

"Ni kweli?"

"Mtoto anaongea tu."

"Nimekuuliza wewe."

Mama alitazama chini, na hilo likawa jibu. Jirani akaufunga mlango wa jiko jipya, akaweka kufuli, akaingia nyumbani kwake na mtoto. Akina mama wakatawanyika na vyakula vyao bila kula.

Mama hakunichapa. Ningefurahi kama angenichapa. Aliniambia tu, "Tenda wema nenda zako. Mimi nilikuwa nimeshaenda. Wewe umenirudisha."

Kwa siku nane jirani alipika kwenye kibanda chake cha zamani, chini ya paa lake bovu, mvua ikimwagikia sufuria, na jiko zuri limefungwa pembeni. Alisema hawezi kupikia ndani ya huruma ya mtu. Kwenye tundu la ua hapakusikika sauti. Usiku mtoto alikohoa, na kila kikohozi nilikihesabu kuwa changu. Mama naye alikuwa na macho mekundu, na kwa mara ya kwanza sikujua kama ni moshi.

Siku ya tisa mama alichota makaa mwenyewe. Mkono mmoja kigae, mkono mwingine sufuria ya maharagwe mabichi, akaniambia nimfuate. Alisimama mbele ya ile kufuli.

"Fungua," alisema. "Haya maharagwe hayataki kuiva kwangu."

"Una jiko lako," jirani alisema kutoka ndani.

"Lina moshi. Limenishinda. Nimekuja kuomba."

Jirani akatoka polepole. "Kuomba?"

"Tundu moja. La pili ni lako. Kama hutaki niambie, nirudi kulia na moshi wangu."

Makaa kwenye kigae yakaanza kuvaa majivu. Nilielewa baadaye sana alichofanya mama pale. Alikuwa hawezi kuirudisha nyuma zawadi yake, basi akajifanya yeye kuwa mwombaji, ili jirani naye awe na kitu cha kutoa.

"Na huyu mzima moto?" jirani akauliza, akinielekezea kidevu.

"Huyu atachota maji. Ya nyumba zote mbili."

Jirani alicheka kwa pua kwanza, halafu kwa mdomo. Akafungua kufuli.

Nilichota maji ya nyumba mbili hadi nikaolewa. Na kwa miaka hiyo yote sufuria mbili zilikaa kwenye matundu mawili, bega kwa bega. Zamu ya mama ilipokuja tena, mabati yake aliezekea chumba cha nyanya yangu. Jiko, alisema, analo.

Je, wivu uliniisha? Hata kidogo. Ulipata tu pa kukaa pazuri zaidi. Watoto wa jirani walionja sufuria ya mama kabla yangu. Mama aliyekuwa kimya nyumbani, kule jikoni alikuwa mwingine: alisimulia, aliiga sauti ya mhubiri, alicheka hadi akashika ukuta. Nilisimama mlangoni na debe kichwani, nikisikiliza kicheko ambacho hakikuwa changu.

Mashamba yaliuzwa. Jirani alitangulia kaburini, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mahali palipokuwa na ile sakafu nyekundu leo ni maegesho ya magari ya wapangaji. Nilipita hapo mwezi huu, nikamuuliza mlinzi kama anajua palikuwa na nini. "Imekuwa parking tangu nikuje, shosho," alisema, na ndivyo ilivyo kwake.

Jiko langu limekwisha. Milango inafunga, sinki haivuji, na weupe wa vigae ukitofautiana unaweza kusema nilipanga hivyo. Binti yangu alilipiga picha, akawatumia watu, wakasifu. Juzi nilipika githeri humo kwa mara ya kwanza. Nikasimama wima, hakuna moshi, nikaonja. Nikageuka kumpa mtu kijiko, na nyuma yangu palikuwa na kabati.

Nakiri mbele za Mungu kwamba bado nina wivu. Yule mwenye jiwe jeupe simuonei tena, picha yake inaonyesha meza ndefu isiyo na mtu kama yangu fupi. Namuonea mama, ambaye hakuwahi kumiliki jiko, na ambaye kuanzia ile siku ya tisa hakupika peke yake hata siku moja.

Wewe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe kinachochemka, akupe na mtu wa kumuuliza kama chumvi imetosha. Amina.